Bakuli la Kupimia Unga wa Hostia

Skolastika na Editha, wanangu,

Juma lililopita nilipita jikoni parokiani kuwasalimu, nikakuta mmeloweka maharage kwenye bakuli la bati lenye ukingo wa bluu.  Nilikunywa chai yenu, nikaaga, nikarudi nyumbani nimefura mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Kosa si lenu. Nilipowakabidhi kazi niliwaonyesha chuma cha kuokea hostia, kikatio, chekeche na mahali tunapoficha nta, lakini bakuli nililiacha juu ya kabati kana kwamba litajieleza lenyewe. Basi leo nimekaa chini niwaandikie, na mtanisoma mpaka mwisho hata kama maharage yanaungua.

Mambo ya juzi juzi sitayagusa. Ile miaka wakimbizi walipofurika Karagwe, tukaoka mpaka viganja vikabanduka ngozi, mlikuwepo, mnayajua. Sherehe ya kuniaga nayo mliiona, na keki mliila ninyi. Mimi nataka kuwaambia ya mwanzo.

Nilianza mwaka 1978, mwaka ule vita vilipoanza na malori ya jeshi yakawa yanapita barabarani yakiwa yamefunikwa matawi ya miti. Nilikuwa binti wa Igurwa, nimeolewa karibu, sijui lolote. Siku ya kwanza nilifika jikoni nikiwa nimevaa gauni langu la Dominika. Ma Anjelina, mwokaji wa wakati huo, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

“Unakwenda kwenye harusi ya nani?”

“Shikamoo, Ma. Nimetumwa na Padre nije kusaidia hostia.”

“Marahaba. Ulidhani hostia zinatokea wapi?”

Nikamjibu ukweli, kwamba nilidhani zinatoka Roma. Mawe, mama wee! Alicheka mwanamke yule mpaka akashika meza. Akasema, “Roma ndiyo hii hapa, na kuni zimeisha. Nenda kalete.”

Ma Anjelina alikuwa mjane, Mhaya wa upande wa Muleba, aliyefundishwa kazi hii na masista akiwa msichana, kisha akaolewa huku kwetu Chonyonyo. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito, na hakumwogopa mtu yeyote, padre wala mwanajeshi. Alinifundisha kwamba kuni za hostia ni za mikahawa iliyozeeka, kwa sababu moto wake hautapatapi. Alinifundisha kupaka chuma nta kidogo sana, kiasi cha mtu kushindwa kusema kama imepakwa. Uji wa hostia ni unga wa ngano na maji, basi. Usitie chumvi, usitie sukari, usitie maarifa yako. Uji ukibanwa kwenye chuma unatoka ukurasa mpana, mwembamba; kurasa hizo zinalazwa juu ya majani mabichi ya mgomba, zinafunikwa kitambaa chenye unyevu, ili siku ya pili zikikatwa zisivunjike kama vigae. Hayo yote mnayafanya vizuri. Editha unapaka nta nyingi, lakini utaacha.

Jambo ambalo sijui kama niliwafundisha sawasawa ni kusali kwenye chuma. Mmeniona nikitikisa midomo mkadhani ni uzee. Ile ndiyo saa yetu. Ukishabana chuma na kukiweka motoni, unasali Baba Yetu moja na Salamu Maria moja kwa mwendo wa mtu anayemwongelesha mgeni aliyeketi, si kwa mbio wala kwa kuvuta. Ukisema “Amina” unafungua, na ukurasa umeiva. Ukiwa na haraka utasali haraka, nao utatoka mbichi. Ukiwa na msiba utasali polepole, nao utaungua. Ma Anjelina alikuwa akiokota ukurasa wangu, anautazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha ananiambia, “Leo umegombana na mumeo.” Na kweli nilikuwa nimegombana naye.

Yeye ndiye aliyenipeleka pia kwenye Saa Takatifu, kila Alhamisi saa kumi jioni, Ekaristi ikiwa imewekwa altareni kwenye monstransi, kile chombo chenye kioo cha kuionyeshea. Mara za kwanza nilisinzia. Nilikuwa nimelima asubuhi, nimeoka mchana, magoti yanauma. Nikamuuliza, “Ma, unamwambia nini Yesu saa nzima?”

“Simwambii kitu. Nayatazama maandazi yangu.”

Nilishtuka, nikadhani amekufuru. Akanieleza tukiwa njiani. Akasema, mimi nimeuona unga ule ukiwa kwenye gunia, nimeuchekecha, nimeupiga na maji, nimeuchoma. Najua ulikuwa nini. Sasa Padre amesema maneno ya Bwana na si unga tena, ni Yeye mwenyewe. Wengine wanaamini jambo ambalo hawajaliona likianza, lakini mimi nimeliona toka mwanzo, ndiyo maana siachi kushangaa. Wewe kaa, utazame, ushangae. Basi. Tangu siku hiyo sikusinzia tena, au niseme nilisinzia mara chache.

Sasa bakuli. Kila gunia jipya la unga, hata likija limeshonwa na kupigwa mhuri, Ma Anjelina alilipima. Anachota konzi moja, anaukanda na maji mpaka unakuwa donge, analiacha lipumzike kidogo, kisha analifua ndani ya bakuli hili la bati, polepole, kwa vidole. Maji yanakuwa meupe. Donge likiwa la ngano, mkononi kinabaki kitu chenye kunata na kuvutika kama ulimbo. Likiwa la muhogo, linayeyuka lote na unabaki na mkono mtupu. Hostia ni lazima iwe ya ngano. Ikiwa ya muhogo, Padre atasema maneno yote na kengele italia, lakini Kanisa halina ruhusa ya kuiita Ekaristi. Mnaelewa uzito wake? Watu watapiga magoti mbele ya kipande cha muhogo, na aliyewapigisha magoti ni wewe.

Vita viliisha, ikaja miaka ya kukosa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini sabuni hakuna, chumvi ya kuviziana, unga wa ngano ndiyo kabisa. Ule wa kutoka mjini ulikatika. Ma Anjelina naye miguu ikaanza kuvimba, akabaki nyumbani Chonyonyo, mimi nikawa mwokaji peke yangu, naokea parokia yetu na ya jirani. Mwaka mmoja, baada ya Pasaka, mvua zinanyesha, maharage yangu yamezidiwa na majani, nikasikia kuna unga Nkwenda. Nikaenda. Mfanyabiashara mmoja akanifungulia gunia, akasema limevuka kutoka upande wa pili wa mpaka. Wanangu, sikuwahi kuona unga mweupe namna ile! Nilifurahi mpaka nikamshukuru Mungu papo hapo dukani. Nilirudi nalo, na kwa kuwa mashamba yaliniita, nikachekecha, nikapiga uji, nikaoka. Bakuli lilikuwa juu ya kabati. Nililiona kwa macho yangu haya. Nikajiambia, unga mzuri hivi unaupimia nini?

Kurasa zilikuwa zikivunjika wakati wa kukata. Nikakilaumu chuma. Nikaulaumu moto. Nikalaumu hata majani ya mgomba. Hostia zikaenda kwa Padre Deusi, paroko wetu, zikaenda kwa jirani, zikatumika majuma mawili.

Alhamisi ya juma la pili nilikuwa kwenye Saa Takatifu. Kanisani tulikuwa watu wachache, mvua inapiga bati. Nikakaa kama nilivyofundishwa, nikatazama. Hostia kubwa ilikuwa ndani ya kioo cha monstransi, mshumaa kila upande. Nikaitazama ili nishangae. Nikaona weupe wake. Hostia ya ngano haiwi nyeupe hivyo, huwa ina umanjano kidogo, kama karatasi iliyokaa. Hii ilikuwa nyeupe kama chokaa, na kutoka ukingoni ilikuwa na ufa mwembamba. Nikafumba macho. Nikafumbua. Ufa upo. Ndipo nikajua, kabla sijapima.

Sikuweza kuendelea kupiga magoti, na sikuweza kusimama. Mbele ikiwa ni Yesu, ninaondokaje? Ikiwa ni muhogo, ninaabudu nini? Niliinamisha kichwa nikasema, “Bwana, popote ulipo, nakuja.” Nikatoka, nikaenda jikoni moja kwa moja, nikashusha bakuli. Nilichota konzi, nikakanda, nikasubiri, nikafua. Donge lilikwenda lote. Nilibaki na kiuzi kidogo mno kati ya vidole, ngano ya kudanganyia, na maji meupe.

Kibaya zaidi ni hiki: Jumanne ya juma hilohilo Padre alikuwa amempelekea Ma Anjelina Komunyo ya wagonjwa. Aliporudi alituambia kwamba mama yule hafiki mbali, tumwombee. Kwa hiyo Komunyo yake ya mwisho duniani ilikuwa muhogo wangu. Yeye, aliyepima unga maisha yake yote! Nililia, kisha nikajiona mjinga, maana kilio hakileti ngano. Nikafuta uso. Niliapa mbele ya bakuli lile kwamba Ma Anjelina hatakufa kabla sijamwokea hostia ya kweli, na kama ni kumzuia kwa mikono nitamzuia.

Padre Deusi nilimkuta sakristia, akipanga mavazi ya Misa. Nilimwambia nikiwa nimesimama wima, maana ningepiga magoti nisingemaliza.

“Ulipima?” akauliza.

“Sikupima, Padre.”

“Kwa nini?”

“Ulikuwa mweupe.”

Aliweka mavazi kando, akaketi juu ya sanduku la mishumaa. Kisha akasema, “Perpetua, Mungu hafungwi na unga. Waliompokea kwa moyo safi hawezi kuwaacha mikono mitupu. Lakini sisi tumefungwa, na siwezi kusema Misa nyingine kwa hostia hizi. Zipo nyingine?”

Hazikuwepo. Zote zilikuwa za gunia lile, na parokia ya jirani ilikula kutoka mkono huohuo. Padre akamtuma katekista kwa baiskeli kuwaambia jirani. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba Dominika baada ya Misa twende Chonyonyo. Akaniuliza Misa hiyo itasemwa kwa hostia gani. Nikamjibu, “Nitakazooka.” Akatazama mvua nje, akanitazama mimi, akasema nichukue koti lake.

Ijumaa nilipanda lori la ndizi kwenda Nkwenda, nimelibeba bakuli ndani ya kikapu. Nililala kwa shangazi, na asubuhi ya Jumamosi nikaingia sokoni. Mfanyabiashara wangu aliniona kwa mbali akaanza kutabasamu. Sikumtukana. Nilimwambia anipe konzi moja ya kila gunia alilonalo, nikaomba maji, nikaketi kwenye kizingiti cha duka lake nikaanza kufua. Watu wakajaa.

“Mama, unanunua unga au unafua nguo?” akauliza mwenye duka.

“Nafua unga wako nione kama una mwili,” nikasema.

Gunia la kwanza likayeyuka. La pili likayeyuka. La tatu hakunipa, akasema nimemfukuzia wateja, na kweli nilikuwa nimewafukuza. Duka la pili vilevile. Duka la tatu walifunga mlango waliponiona nakuja na bakuli. Jua likapanda. Nikawa nasali Salamu Maria kwa mbio kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi karibu na maegesho ya malori, Konsolata, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Alikuwa ananitazama tangu asubuhi.

“Dada, unatafuta ngano ya kweli?” akaniita. “Hao hawana. Maandazi ya muhogo hayaumuki, mimi siwezi kudanganywa. Nilikuwa na kidogo, nimeikaanga karibu yote.”

Nikamweleza. Nilimweleza yote, hata habari za Ma Anjelina, huku machozi yananitoka nikisingizia moshi wa mafuta. Konsolata akafunika karai. Akainua mfuko wake, akaukung’uta, ukatoa vikombe viwili vya unga, wenye rangi ya umanjano kidogo. Nikaufua mbele yake, na hakukasirika. Aliniambia niufue vizuri. Mkononi ukabaki ulimbo. Niliuvuta, ukavutika. Niliuvuta tena kwa furaha tu.

“Wengine wataniuliza maandazi ya leo,” akasema Konsolata. “Nitawaambia yamekwenda kanisani.”

Nilirudi saa nane mchana kwa lori la kahawa. Niliwasha moto, nikapaka nta, nikaoka. Hakukuwa na unga wa kukosea. Kila nilipobana chuma nilimwona Ma Anjelina kitandani, Baba Yetu ikawa ndefu. Nilijitahidi. Hakukuwa na muda wa kuzilaza kurasa juu ya majani ya mgomba mpaka kesho, nikazikata jioni ileile kwa uangalifu, nikiokota kila iliyotoka nzima kama mtu anayeokota mayai.

Dominika Padre aliwatangazia watu kwamba hostia za majuma mawili hazikuwa za ngano, akawaeleza kwa upole, akawaomba wasihuzunike bali wakaribie upya. Hakunitaja jina. Hakuhitaji, mwokaji alikuwa mmoja. Nilikaa benchi la mbele, mgongo wangu ukiwa unatazamwa na kanisa zima, na sikugeuka. Hostia zilikuwa chache, Padre akavunja kila moja vipande vinne, na watu wakapokea vipande vile kwa utulivu ambao sijauona hata Krismasi.

Kisha tukaenda Chonyonyo, Padre mbele na pikipiki, mimi nyuma yake, yeye ana Ekaristi kifuani, kwa hiyo hatukuongea njia nzima. Nilikuwa nasema moyoni, ngoja, Ma, ngoja. Tulipoingia kwenye migomba ya nyumbani kwake nikasikiliza kama kuna kilio. Hakukuwa na kilio. Kulikuwa na kuku tu.

Alikuwa amelala kando ya ukuta, mdogo kuliko nilivyomwacha, macho wazi. Nilipiga magoti kabla ya Padre kuvaa stola shingoni.

“Shikamoo, Ma.”

“Marahaba, Perpetua.”

“Ma, ile ya Jumanne ilikuwa muhogo. Sikupima. Nimekukosea wewe na nimemkosea Mungu.”

“Najua,” akasema.

Nikamtazama Padre, nikadhani amemwambia. Akatikisa kichwa.

“Nimekula hostia tangu sijaota matiti,” Ma Anjelina akasema kwa ile sauti yake nzito, sasa imebaki nusu. “Niliiweka ulimini nikajua ni muhogo wa Perpetua.”

“Mbona hukumwambia Padre?”

“Ningemwambia, ungejua kwa kuambiwa tu; nilitaka uione mwenyewe Alhamisi, kwa kutazama kama nilivyokufundisha. Nani angekufundisha tena?” Akapumzika, akavuta pumzi. “Nikamwambia Yesu, hujafika, lakini wanakuleta. Nakungoja. Nimekaa namngoja tangu Jumanne. Sijawahi kusali vizuri namna hii.”

Padre aligeukia dirishani kidogo. Kisha akavaa stola, akasali, akampa Mwili wa Kristo. Ma Anjelina akafumba macho. Mimi nilimtazama yeye kama tulivyokuwa tukitazama monstransi. Nilishangaa, wanangu, nilishangaa kama alivyonifundisha.

Baadaye alifungua jicho moja akanipungia nisogee. Nikainama mpaka sikio likamgusa.

“Ni ngano,” akanong’ona. “Lakini umeiunguza kidogo. Ulisali polepole.”

Alifariki Jumatano. Siku ile ya Dominika alikuwa ameniomba nichukue kazi zote, na bakuli liwe langu, nisiliache juu ya kabati. Mnaona kwamba hata hilo nililisahau uzeeni. Kwa hiyo maharage yatafutieni sufuria.

Konsolata alipata habari za msiba, akatuletea unga kutoka Nkwenda yeye mwenyewe, akaketi jikoni akinitazama nikiufua mara mbili. Kisha nilioka hostia za Misa ya maziko, nikasali Baba Yetu na Salamu Maria kwa mwendo wa mtu anayemwongelesha mgeni aliyeketi. Hakuna iliyoungua.